Kabla Sijawatajia Dawa ya Viwavi

Kila msimu mahindi yakifika magotini, simu yangu haipumui. Vijana wa hapa Kwihara, pamoja na wenzenu mnaokaa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, na kuja kulima huku, mmeniingiza kwenye kundi lenu la WhatsApp, na swali ni lile lile: "Shikamoo bibi shamba, dawa gani kiboko ya viwavi?" Nikishasema marahaba tu, picha zinamiminika. Mmoja wenu, sitamtaja, alituma picha ya jani lililotafunwa mpaka kwenye uti, akauliza ni mdudu gani. Nikaikuza ile picha. Nyuma ya jani nikaona ncha ya sikio. Nikamjibu, "Mwanangu, huyo mdudu ana ndevu. Kamfunge mbuzi wako."

Tulicheka siku ile. Wiki hii sina kicheko. Mvua imekata mahindi yakiwa bado machanga, jua linachoma kama la Septemba, na jana mmoja wenu kaandika kwenye kundi kwamba amepata dawa mnadani, imewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi, lakini "inaua mpaka nyoka." Wengine mkamjibu kwa vidole gumba. Mkaanza kuulizana anayeiuza anakaa wapi.

Nilisoma ujumbe ule nikiwa jikoni, nikaepua chungu. Kwa hiyo kabla sijawatajia dawa yoyote, kaeni niwasimulie habari za Maganga wa Usoke.

Nimefanya kazi ya ubibi shamba muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu, na sehemu kubwa nimeifanya Usoke, kule reli inakopita kwenda Kigoma. Usoke ni nchi ya tumbaku. Aliyenifundisha kazi ni bwana shamba mmoja akiitwa Mihambo, mtu mrefu, mwenye baiskeli ambayo kengele yake ilisikika kabla yeye hajaonekana. Mihambo alikuwa na sheria moja: usilitazame shamba ukiwa barabarani. Alisema mkulima ni kama mwenye nyumba, sebule ataifagia, chumbani hutakiona. Basi sisi tulikuwa tunapenya mpaka katikati ya shamba, tunainama, tunafunua majani. Mimi nilitoka humo na upupu. Yeye alitoka na mifuko imejaa karanga za watu. Nikimwangalia anasema, "Nakagua ubora."

Kwake nilijifunza kumjua funza wa mabua, nikajifunza kutazama moyo wa muhindi, pale majani machanga yanapochomoza yamejikunja kama faneli. Tulikuwa tunatia punje chache za dawa humo moyoni, na mambo yanakwisha. Miaka ikaenda. Mihambo akastaafu, mimi nikapewa pikipiki, wakulima wakaanza kuwa na simu. Nikajiona najua.

Halafu akaja kiwavi mwingine.

Mnamwita kiwavijeshi vamizi. Ninyi mmekua naye, mnamwona kama inzi wa kawaida. Sisi tulimpokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyeingia bila hodi na kukaa kitandani. Nilipomwona mara ya kwanza nilimpigia simu Mihambo, maana ndivyo nilivyozoea. Nikamweleza: ana mistari ubavuni, kichwani ana alama kama uma uliogeuzwa, anakula moyo wa muhindi na anaacha kinyesi kama unga wa mbao, dawa ya punje haimshtui. Mihambo akataka nirudie habari ya ile alama ya kichwani. Nikarudia. Kisha akasema, "Mwanangu, huyo simjui."

Mpaka leo nakumbuka nilivyojisikia. Si kwamba nilimdharau, hapana. Niliogopa. Mtu niliyekuwa nakimbilia kwake ameniambia hana pa kunificha.

Mwaka ule ndio Maganga aliacha tumbaku.

Maganga na mkewe Nyamizi walikuwa wakulima wazuri, watu wa kanisani, wenye mapacha, kwa hiyo kijiji kizima kiliwaita Baba Kulwa na Mama Kulwa. Tumbaku waliilima tangu ujana wao. Lakini tumbaku lazima ikaushwe kwenye bani kwa moto, na moto unataka kuni, na kuni zilikuwa zimekimbia. Zamani Nyamizi alikata nyuma ya nyumba. Ikafika mahali wanatoka asubuhi na mkokoteni wa ng'ombe na kurudi jua linazama. Wakaketi, wakaamua. Bani wakalifanya ghala, shamba lote wakatia mahindi ya mbegu ya kisasa, na pembeni wakatia alizeti kidogo. Nyamizi alinieleza uamuzi wao huku akinitilia chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. "Bibi shamba," akasema, "safari hii hatuna mguu mwingine wa kusimamia. Yakifa haya, tumekaa chini."

Yakaota vizuri ajabu. Kisha mvua ikakata, kama ilivyokata sasa, na kiwavi akaingia.

Mnajua ukame unavyomsaidia yule mdudu. Mvua kubwa humzamisha kule moyoni alikojificha, lakini jua likiwaka anastarehe. Nilipita kwa Maganga nikamkuta amesimama katikati ya shamba. Ukitembea kwenye mistari ulisikia kama watu wanatafuna. Niliwaambia tusubiri dawa iliyothibitishwa, maduka ya pembejeo yalikuwa yameishiwa na mzigo ulikuwa njiani kutoka Tabora. Wakati tunasubiri, waokote kwa mkono, waponde na mayai, yale yaliyobandikwa kwenye jani kama kipande cha pamba chafu.

Maganga akaniangalia. "Kwa mkono? Shamba lote hili?"

"Anzeni na mnapoweza."

"Bibi shamba, na wewe kiwavi huyu unamjua, au unatubahatishia?"

Nikamwambia namjua kidogo, na kila siku namjua zaidi. Akatikisa kichwa, akaondoka. Mtu mwenye njaa mlangoni huwezi kumwambia habari za kujifunza kidogo kidogo.

Siku ya mnada akanunua chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ndani kitu cheupe kama tui. Muuzaji alimwambia kizibo kimoja kinatosha bomba zima la kupulizia. Maganga alivyokuwa na hasira na wale wadudu alitia vizibo kadhaa, halafu akamalizia na mabaki ya dawa ya tumbaku yaliyokuwa bani. Akajitwika bomba mgongoni, mchana jua la utosi, upepo unavuma, amevaa bukta na singlendi. Lile bomba lilikuwa linavuja kwenye mkanda. Mgongo ukalowa, yeye akadhani ni jasho.

Nilikuwa stesheni naongea na wakulima wengine simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Nyamizi, lakini sikuitambua mara moja.

"Njoo! Baba Kulwa anatetemeka! Mate yanamtoka!"

Nilifika na pikipiki nikiwa sijui nimepitia wapi. Maganga alikuwa amelazwa kivulini ubavuni mwa bani, majirani wamemzunguka. Alitokwa jasho kama aliyetolewa mtoni. Nyama za mashavu zilikuwa zinacheza zenyewe. Nikamfunua jicho: mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Mzee mmoja jirani alikuwa ameinama na kikombe cha maziwa.

"Mwinueni anywe, maziwa yanakata sumu," akasema.

"Mzee wangu, tafadhali usimpe," nikamwambia.

"Tangu enzi za wazazi wetu tunawapa maziwa!"

"Hawezi kumeza, baba. Yatamwingia kwenye pumzi. Naomba maji ya kumwogesha na sabuni."

Alinitazama kwa hasira, na mimi nilijua kwamba kama nimekosea nimemuua mtu mbele ya mkewe. Lakini akaweka kikombe chini. Tukamvua nguo zote, heshima baadaye, tukammwagia maji na kumsugua kwa sabuni mgongo, kwapa, nywele. Nyamizi akamfunga kanga yake. Nikamwambia aiweke ile chupa kwenye mfuko wa nailoni, tuende nayo. Shikeni hilo, wanangu: chupa mnakwenda nayo kwa daktari, iwe na karatasi au isiwe nayo.

Gari halikuwepo. Nikapanda pikipiki, Maganga tukamweka katikati, Nyamizi nyuma amemkumbatia mpaka mikono yake ikanifikia mimi kiunoni. Mshikaki. Nilisikia mate ya Maganga yakinilowesha bega, na kila tulipopita kwenye shimo nilisikia pumzi yake ikikwama, kisha ikaendelea.

Kituo cha afya kilikuwa upande wa pili wa reli. Tulipofika kwenye kivuko tukakuta treni ya mizigo imesimama. Mabehewa kulia, mabehewa kushoto, hujui mwanzo wala mwisho. Watu walikuwa wanapenya chini yake na vikapu vyao kama kawaida.

Nyamizi akaruka chini. "Tumpitishe chini! Wewe shika miguu!"

Kijana wa bodaboda akaja mbio. "Mama, tumbebe tupite pale kwenye kiungio cha mabehewa, dakika sifuri."

Nilikuwa nimeshamshika Maganga miguu. Nasema kweli, nilikuwa nimeshainama. Nikaona lile giza chini ya behewa, nikaona reli zinang'aa, na mwili wa mtu mzima uliolegea ni mzito, hauvutiki haraka. Nikamwachia.

"Tungoje," nikasema.

"Tungoje nini? Anakufa!" Nyamizi alinipigia kelele usoni. "Kama angekuwa mumeo ungengoja?"

Nilikuwa namwangalia Maganga kifuani, kinapanda, kinashuka, kinakaa, kinapanda. Mwanamke mmoja aliyeuza ndizi alivua kitenge akaanza kumpepea, bila kuuliza ni nani. Jua lilikuwa kali. Nyamizi akapiga magoti, akaanza kuomba kwa Kinyamwezi, maneno yakimtoka haraka haraka. Halafu tukasikia mbele huko chuma kinagonga chuma, mlio ukaja behewa kwa behewa kama mtu anavuta mnyororo, na lile behewa mbele yetu likaruka kidogo na kuanza kwenda. Yule kijana wa bodaboda akakaa chini vumbini, kichwa mikononi. Alikuwa ameona mahali ambapo tungekuwa.

Treni ilipomaliza kupita tulivuka.

Kituoni muuguzi akauliza, "Amepuliza dawa gani?" Nyamizi akatoa mfuko. Muuguzi akaigeuza chupa, akatafuta karatasi, hakuna. Akamwita daktari. Daktari akammulika Maganga macho, akamshika shavu linalocheza, akasema hata kama jina la dawa halijulikani, ishara zinatosha. Wakamchoma sindano, wakangoja, wakamchoma nyingine. Jioni gari la wagonjwa likampeleka Tabora. Nyamizi akaenda naye amevaa kanga moja. Kabla mlango haujafungwa alinitazama, nikadhani atanitukana tena. Akasema, "Mahindi yanaliwa."

Nilirudi shambani kwake asubuhi. Nusu ilikuwa imenyauka kwa ule mchanganyiko, majani yamekuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Na viwavi? Wengi walikuwa wazima, wamejichimbia ndani, kinyesi chao kimeziba mlango. Dawa haikuwafikia. Mwenye shamba ilimfikia.

Wanawake wa jumuiya ya kanisani ya Nyamizi walikuja bila kuitwa. Hatukuwa na ujuzi wa ajabu. Tuligawana mistari, tukapita kabla jua halijapanda, wakati kiwavi yuko juu. Unafunua moyo, unamtoa, unamponda. Mayai unayasugua kwa kidole. Palipokuwa na matundu mapya tulitia mchanga mkavu uliochanganywa na jivu, kidogo tu, ili ndani asipate raha. Baadhi ya wanawake waliimba, wengine walinuna. Mmoja alikuwa anamtukana kila kiwavi kwa jina, yaani majina ya watu anaowachukia kijijini, na tulicheka mpaka tukakaa chini. Kila jioni nilipiga simu Tabora. Nyamizi anauliza mahindi, mimi namuuliza mgonjwa. Kila mmoja alikuwa anaogopa jibu la mwenzake.

Dawa halali ilipofika tulipuliza yale yaliyozidiwa tu, jioni, upepo umetulia, tumevaa suruali, mikono mirefu, buti na vitambaa. Na baada ya hapo mvua ikarudi, kubwa, ya radi. Msije mkaniuliza shamba liliokolewa na mikono, dawa au mvua. Sijui. Wataalamu wenye suti wakiniuliza nawaambia vivyo hivyo.

Maganga alirudi nyumbani. Walivuna ile nusu iliyopona, walipata chakula cha kuwafikisha msimu mwingine na kidogo cha kuuza. Lakini mikono yake haikuacha kutetemeka. Kikombe cha chai alikuwa anakishika kwa mikono miwili. Mara nyingine alimwita Kulwa kwa jina la Doto, jambo ambalo halikuwahi kumtokea hata walipokuwa wachanga wanafanana kama punje mbili. Nyamizi hakumsahihisha. Alikuwa anamwita Doto mwenyewe aje, basi.

Sasa ninyi mna vitu ambavyo sisi hatukuviota. Mna simu inayosoma jani na kukutajia ugonjwa. Mna mitego yenye harufu inayowaita nondo dume kabla mayai hayajatagwa. Mna mipira ya matone inayonywesha mche mmoja mmoja. Juzi nimeona droni inapulizia shamba hapa Kwihara, karibu na njia wanayopita wageni kwenda kuangalia tembe, ile nyumba ya udongo ya zamani, na nilipenda kuona kijana amesimama mbali, hana bomba mgongoni. Nikapenda, na papo hapo nikageuka kuangalia upepo unaelekea wapi, maana chini kidogo kuna kisima. Hivyo ndivyo nilivyo sasa. Naona kizuri, moyo unatafuta kibaya kiko wapi. Hali ya hewa yenyewe haieleweki, mbegu bandia zinafungwa kwenye mifuko mizuri kuliko halali, na kiwavi mwenyewe nasikia dawa nyingine ameshazizoea. Yule wa mnadani bado anauza chupa.

Kwa hiyo dawa nitawatajia. Nitamtajia mmoja mmoja, nikishaona picha ya moyo wa muhindi, si ya jani la pembeni, na nikishaambiwa umeingia mpaka katikati ya shamba. Na wewe mwenye chupa ya maji, usiimwage kisimani wala mtoni. Izibe, iweke juu watoto wasifikie, nipigie, kisha uje nayo tuipeleke kwa bwana shamba wa kata. Njoo hata kama unaona aibu.

Nimalizie na Maganga. Msimu uliofuata, wakati wa kupanda, nilimpitia. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, ardhi inanukia, lakini simu zetu zilikuwa zimepokea ujumbe wa hali ya hewa: msipande bado, mvua hii si ya kudumu. Maganga alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya bani, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane.

"Mwangaluka, Baba Kulwa."

"Mwangaluka. Bibi shamba, nikuulize, na usinifiche. Nirudi kwenye tumbaku?"

Nikakaa chini. Nikafikiria kuni, nikafikiria kiwavi, nikafikiria ile mikono yake. "Kuni utatoa wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hilo."

"Na kupuliza mahindi huwezi tena."

"Ndiyo hilo pia."

"Sijui, Maganga," nikasema. "Wallahi sijui."

Tukakaa tunatazama mawingu yanayopasuka pasuka upande wa machweo. Kutoka shambani tukasikia jembe. Nyamizi alikuwa ameshaanza, amefunga kanga kifuani, ndoo ya mbegu na kamba ya kunyooshea mistari pembeni.

"Mama Kulwa!" Maganga akapaza sauti. "Simu imesema tusubiri!"

"Nimesikia!" akajibu bila kuinuka. "Nusu napanda leo, nusu inasubiri na simu yenu. Mmoja wetu atakuwa amesema kweli."

Maganga akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Nyamizi akanyoosha mgongo, akashika kiuno, akatutazama sisi wawili tuliokaa kama waombolezaji.

"Bibi shamba," akasema, "hizo hofu hata mimi ninazo. Vua viatu, uje ushike ncha ya kamba."